Georgios Donis: winga aliyegeuka kocha, na kwa nini kufutwa kazi hakutoshi kumhukumu

Swali la leo limetoka kwa msomaji anayefanya kazi Dammam, Saudi Arabia, ambaye siku za mapumziko huenda kutazama mechi za Al-Khaleej. Anaeleza kwamba yeye na wenzake wanaoishi nyumba moja wamebishana muda mrefu kuhusu Georgios Donis, kocha wa Kigiriki aliyekabidhiwa timu hiyo mwaka 2024. Mmoja wao anashikilia kwamba kocha aliyefutwa kazi mara nyingi namna hiyo hawezi kuitwa kocha mzuri, na mwingine anadai kwamba Donis alikuwa mshambuliaji hatari enzi zake, na mshambuliaji hajui kufundisha ulinzi. Msomaji anataka kujua ukweli uko wapi, na kama maisha ya Donis uwanjani yana uhusiano wowote na namna anavyofundisha.

Ndugu yangu, uhusiano upo, tena ni mkubwa kuliko kwa makocha wengi ninaowafahamu. Lakini kabla ya kuueleza ni lazima nirekebishe neno moja katika swali lako, kwa sababu jibu lote linalitegemea. Donis alikuwa mshambuliaji, lakini hakuwa namba 9. Alikuwa winga, mtu wa pembeni, na sifa yake ya kwanza ilikuwa mbio. Mashabiki wa Ugiriki walimfananisha na treni. Namba 9 huishi ndani ya boksi, mara nyingi akiwa ameipa goli mgongo na beki amemkumbatia, na kazi yake ni kumalizia kile ambacho wengine wamekianza. Winga wa aina ya Donis huishi kwa kutegemea nafasi iliyo wazi. Mpinzani akirudi nyuma wote na kujipanga, winga huyo huwa hana pa kukimbilia, ila mpinzani akipanda na kisha akapoteza mpira, hapo ndipo thamani yake inapoonekana. Weka jambo hilo akilini, maana litarudi tena na tena katika habari yake ya ukocha.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 22 Oktoba 1969, katika miaka ambayo maelfu ya Wagiriki walikuwa wamehamia Ujerumani Magharibi kutafuta kazi. Soka lake la watu wazima lilianza kujulikana PAS Giannina, klabu ya mji wa Ioannina kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, na kutoka hapo akachukuliwa na Panathinaikos ya Athens. Huko alitwaa Kombe la Ugiriki mwaka 1993, 1994 na 1995, pamoja na ubingwa wa ligi mwaka 1995 na 1996.

Mechi inayomweleza Donis kuliko zote, hata hivyo, haikuzaa kombe. Tarehe 3 Aprili 1996 Panathinaikos walikwenda Amsterdam kucheza nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Ajax. Wenyeji walikuwa mabingwa watetezi, na mwaka uliotangulia walikuwa wamelitwaa kombe hilo bila kupoteza hata mechi moja. Wagiriki, waliokuwa wakifundishwa na Juan Ramón Rocha, walijilinda kwa uvumilivu karibu usiku mzima. Zikiwa zimesalia dakika chache, Ajax wakiwa wamepanda kutafuta bao la ushindi, Donis aliuchukua mpira mbali kabisa na goli la wapinzani, akakimbia nao huku mabeki wa Kiholanzi wakimfukuza kwa nyuma, kisha akampasia Krzysztof Warzycha, ambaye alifunga katika dakika ya 87. Panathinaikos 1, Ajax 0. Wiki mbili baadaye Ajax walishinda 3-0 mjini Athens na kwenda fainali, lakini Mgiriki yeyote aliyekuwa hai siku ile anaikumbuka ile mbio.

Ukiitazama picha ya bao hilo leo, utaona karibu kila kitu ambacho Donis alikuja kukifundisha baadaye: timu iliyojibana nyuma kwa nidhamu, mpinzani aliyeshawishika kupanda, mtu wa pembeni anayeanza kukimbia kabla wengine hawajagundua kwamba mpira umebadilisha mwenyewe, na pasi moja tu ya mwisho. Sidai kwamba aliyapanga haya yote kichwani siku ile akiwa na miaka 26. Ninachosema ni kwamba mtu hufundisha kwa urahisi zaidi kile ambacho miguu yake mwenyewe iliwahi kukijua.

Majira ya joto ya mwaka huohuo alihamia Uingereza bila ada ya uhamisho, akinufaika na hukumu ya Bosman iliyotolewa Desemba 1995, ambayo iliwaruhusu wachezaji wa Ulaya kuondoka bure mikataba yao inapomalizika. Alikwenda Blackburn Rovers, na hutajwa kuwa Mgiriki wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifika wakati mbaya. Rovers, waliokuwa mabingwa mwaka 1995, walimuuza Alan Shearer kwa Newcastle kwa pauni milioni 15 msimu uleule wa usajili, na kocha Ray Harford akaondoka Oktoba timu ikiwa imezama mkiani. Donis alicheza mechi 22 za ligi, akafunga mabao 2, na baada ya msimu mmoja akarudi Ugiriki kuichezea AEK ya Athens. Baadaye alirudi tena Uingereza kwa vipindi vifupi katika Sheffield United na Huddersfield Town. Hayo hayana mengi ya kusimulia.

Ukocha aliuanzia chini kabisa, na hili huwa nawasisitizia watu, kwa sababu wachezaji wengi waliowahi kufika nusu fainali ya Ulaya husubiri kuitwa na klabu kubwa. Yeye mwaka 2002 alikwenda Ilisiakos, klabu ndogo ya mtaani Athens iliyokuwa ikicheza madaraja ya chini, akaipandisha. Mwaka 2004 akachukuliwa na Larissa, na hapo ndipo jina lake kama kocha lilipozaliwa.

Larissa si timu ya hivihivi. Mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Ugiriki, na haijapata kutokea klabu nyingine ya nje ya Athens, Piraeus na Thessaloniki iliyofanya hivyo. Lakini Donis alipofika ilikuwa daraja la pili, imechoka, ikiishi kwa kumbukumbu. Msimu wake wa kwanza ulimalizika kwa kupanda daraja mwaka 2005. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Mei 2007, Larissa waliifunga Panathinaikos 2-1 katika fainali ya Kombe la Ugiriki mjini Volos, likiwa kombe lao la pili baada ya lile la mwaka 1985. Kwa hiyo Donis alilichukua kombe hilo kutoka mikononi mwa klabu iliyomkuza yeye mwenyewe.

Ushindi huo uliwapeleka Kombe la UEFA, na droo ikawapa Blackburn Rovers. Ndiyo, Blackburn ileile. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Volos Septemba 2007, Larissa walishinda 2-0; ya marudiano Uingereza walifungwa 2-1, wakasonga mbele kwa jumla ya mabao 3-2. Blackburn wa wakati huo, chini ya Mark Hughes, walikuwa timu ya kuheshimika ya Ligi Kuu, yenye fedha nyingi kuliko Larissa kwa kipimo chochote utakachotumia. Katika hatua ya makundi mambo yaligeuka: Larissa walipoteza mechi zote nne, dhidi ya Everton, AZ ya Uholanzi, Nürnberg ya Ujerumani na Zenit ya Urusi, ambao ndio waliokuja kutwaa kombe hilo. Wakosoaji walizitaja mechi hizo nne. Mimi hutaja miaka minne aliyokaa pale. Katika maisha yake yote ya ukocha, hakuna klabu nyingine iliyompa muda mrefu hivyo.

Sasa nifike kwenye hoja ya mwenzako wa kwanza, ya kufutwa kazi. Baada ya Larissa, mwaka 2008, alichukuliwa na AEK, klabu kubwa yenye mashabiki wasio na subira. Agosti hiyohiyo AEK walitolewa na Omonia ya Saiprasi katika raundi ya awali ya Kombe la UEFA, na kufikia Novemba Donis alikuwa ameshaondoka. Mwaka 2012 alikwenda PAOK ya Thessaloniki, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepata mwenye mali mpya, Ivan Savvidis, mwenye matarajio makubwa, na Donis hakuumaliza msimu. Lakini katikati ya klabu hizo mbili alikuwa Atromitos, timu ya kitongoji cha Athens yenye uwanja mdogo na mashabiki wachache, na huko aliifikisha katika fainali mbili mfululizo za Kombe la Ugiriki. Mwaka 2011 walifungwa 3-0 na AEK. Mwaka 2012 waliwasukuma Olympiacos hadi muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Kabla yake Atromitos hawakuwa wamewahi kufika fainali hiyo.

Je, unauona mtiririko huo? Katika timu ambayo wapinzani huishambulia bila hofu, Donis hustawi, kwa maana nafasi nyuma ya mabeki wa wapinzani huwa ipo kila wiki. Katika timu ambayo kila mgeni huja kupaki basi, yaani kujilinda na watu wote nyuma, huanza kutafuta majibu, na klabu za namna hiyo hazimpi kocha muda wa kuyatafuta. Huu ni uamuzi wangu mimi, na wapo wachambuzi watakaoupinga, lakini ninauona unaeleza mengi zaidi kuliko kauli nyepesi kwamba yeye ni kocha mbaya.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzako amelisahau. Soko la makocha katika Ugiriki, Saiprasi na Ghuba huendeshwa na matajiri na wenyeviti wanaobadilisha kocha kama mtu anavyobadilisha tairi lililopasuka njiani, bila kuuliza msumari ulitoka wapi. Mlango uliomtoa Donis ndio huohuo uliomwingiza kwingine. APOEL ya Nicosia ilimwita Oktoba 2013 baada ya kumfuta kazi Paulo Sérgio, na ikamwita tena Agosti 2017 baada ya kumfuta Mario Been msimu ukiwa ndio kwanza unaanza. Al-Hilal ilimwita Februari 2015 baada ya kumfuta Laurențiu Reghecampf, mtu aliyekuwa ameifikisha klabu hiyo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia miezi michache tu iliyopita. Kama kufutwa kazi ni kipimo cha ubovu, basi karibu makocha wote wa ukanda huo ni wabovu, na kipimo kinachowaangusha wote hakimpimi yeyote.

Huko Saiprasi, akiwa na APOEL, alitwaa mataji mawili katika msimu wa 2013/14, ligi na kombe. Ubingwa wa ligi ulipatikana kwa njia ya ajabu: mechi ya mwisho dhidi ya AEL Limassol, timu iliyokuwa ikigombea taji hilohilo, ilivunjwa kipindi cha pili baada ya fataki kumjeruhi mchezaji wa APOEL, ikarudiwa baadaye, na APOEL wakashinda 1-0. Kisha wakafuzu makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na kupangwa na Barcelona, Paris Saint-Germain na Ajax.

Hapa nimjibu mwenzako wa pili, anayesema mshambuliaji hajui kufundisha ulinzi. Tazama matokeo ya kundi hilo. APOEL walifungwa bao 1-0 tu katika uwanja wa Barcelona, na 1-0 katika kila moja ya mechi mbili dhidi ya Paris Saint-Germain. Walitoka sare ya 1-1 na Ajax nyumbani. Zilikuwepo pia mechi mbili za kufungwa 4-0, sikatai, lakini timu ya Saiprasi iliyowabana Messi na wenzake mpaka wakaridhika na bao moja haikufundishwa na mtu asiyejua ulinzi. Tatizo lilikuwa upande wa pili kabisa: katika mechi sita, timu ya huyu aliyekuwa mshambuliaji ilifunga bao moja. Kwa hiyo hoja ya mwenzako igeuzwe kichwa chini miguu juu. Donis hufundisha kujilinda vizuri kwa sababu winga wa kushtukiza hutegemea timu inayojilinda vizuri. Kinachomsumbua ni kutengeneza mabao pale ambapo hakuna nafasi ya kukimbilia. Januari 2015 APOEL wakaachana naye.

Al-Hilal ndiyo inayoupa uchambuzi wangu mtihani mgumu, kwa sababu hakuna klabu Saudia inayotarajiwa kumiliki mpira na kushinda kuliko hiyo, na Donis alifanikiwa pale. Tarehe 5 Juni 2015, mjini Jeddah, Al-Hilal walikuwa nyuma kwa bao 1-0 dhidi ya mahasimu wao Al-Nassr katika fainali ya Kombe la Mfalme, muda wa nyongeza ukiwa umefika ukingoni, beki Mohammed Jahfali aliposawazisha kwa kichwa. Wakashinda kwa mikwaju ya penalti, 7-6. Agosti waliifunga Al-Nassr tena, 1-0, katika Kombe la Super lililochezwa London katika uwanja wa Loftus Road, na mwaka 2016 wakaongeza Kombe la Mrithi wa Ufalme kwa kuifunga Al-Ahli ya Jeddah 2-1. Tazama lakini aina ya mataji: yote matatu ni ya mtoano au ya mechi moja, ambako mpinzani pia analazimika kutafuta bao. Ligi, ambayo hushindwa kwa kuzifungua timu ndogo wiki baada ya wiki, msimu wa 2015/16 ilikwenda Al-Ahli, na Al-Hilal wakawa wa pili.

Kilichomuumiza zaidi, nadhani, ni Asia. Katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia mwaka 2015 Al-Hilal walitoka sare ya 1-1 nyumbani na Al-Ahli ya Dubai. Katika marudiano walikuwa nyuma 2-0, wakasawazisha na kuwa 2-2, matokeo ambayo yangewapeleka fainali kwa kanuni ya bao la ugenini. Dakika ya tano ya muda wa majeruhi, Kwon Kyung-won, beki wa Korea Kusini, akaifungia Al-Ahli bao la tatu. Mei 2016 walitolewa tena katika mashindano hayo, safari hii na Lokomotiv ya Tashkent katika hatua ya 16 bora, na muda wa Donis Al-Hilal ukamalizika.

Baadaye alipita Sharjah katika Falme za Kiarabu na, kama nilivyotaja, akarudi APOEL, ambako aliambulia sare mbili na Borussia Dortmund na kipigo cha 6-0 kutoka kwa Real Madrid. Hayo tuyaache. Kazi ambayo ningependa wenzako waifahamu ni ya Panathinaikos kati ya 2018 na 2020. Klabu ilikuwa katika hali mbaya sana ya kifedha. UEFA ilikuwa imeifungia kushiriki mashindano ya Ulaya, na ilianza msimu wa 2018/19 ikiwa na alama 6 pungufu ya sifuri. Wachezaji wenye majina walikuwa wameondoka. Donis alichukua vijana wa akademia, miongoni mwao Tasos Chatzigiovannis na Giannis Bouzoukis, akawapa mechi za ligi kuu wiki kwa wiki. Mwanawe Christos Donis naye alikuwa kikosini, jambo ambalo kwa kocha yeyote ni mzigo, maana baba akimpanga analaumiwa na asipompanga analaumiwa nyumbani. Msimu wa kwanza walimaliza nafasi ya 8, wa pili nafasi ya 4. Hakuna kombe hapo, na katika orodha ya mataji miaka hiyo miwili haionekani kabisa. Mimi naiweka juu ya Kombe la Super la London bila kusita.

Alitoka Athens, akapita miezi michache Maccabi Tel Aviv, kisha akarudi Saudia kuzifundisha Al-Wehda ya Makka na Al-Fateh kabla ya kufika hapo kwenu. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba, mbali na Al-Hilal, klabu za Saudia alizozifundisha ni za ukubwa uleule wa Larissa na Atromitos, timu ambazo wapinzani huja kuzishambulia.

Kwa hiyo utakapokwenda tena uwanjani na wenzako, msiuangalie mpira peke yake. Al-Khaleej wanapopokonya mpira katika nusu yao, angalieni mtu wa pembeni aliye mbali zaidi na tukio: je, ameshaanza kukimbia kabla pasi ya kwanza haijapigwa? Kisha hesabuni ni mara ngapi hilo linatokea dhidi ya Al-Hilal au Al-Nassr, na ni mara ngapi dhidi ya timu inayopigania kutoshuka daraja. Ningependa uniandikie hesabu hiyo, kwa sababu wewe uko jukwaani na mimi niko mbele ya runinga, na kamera huufuata mpira.